Fungate kwa Chura wa Vilimani

Nina maradhi ya kucheka. Sisemi kwa mzaha. Nilipokuwa shule ya msingi mamangu alinipeleka kwa daktari, baada ya kucheka kwenye matanga ya jirani mpaka nikatolewa nje kwa mkono. Daktari alinipima, akaniuliza maswali, nikamchekea, naye akacheka, tukarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Kicheko changu hakina adabu. Kinakuja nikiogopa, kinakuja nikifurahi, na nikiwa nimekatazwa ndipo hasa kinapokolea.

Siku ya ndoa yangu kilinijia pale babangu na shekhe walipoingia chumba cha ndani, nyumbani kwetu Bofu, kuniuliza kama nimeridhia kuozwa. Nilikuwa nimekaa kitandani nimefunikwa gubigubi, mikono ina hina mpaka viwikoni. Babangu alikohoa, akasema kwa ile sauti anayoitumia kwenye mikutano, "Mwanangu, umeniwakilisha nikuoze?" Nikahisi kicheko kinapanda. Shangazi yangu, aliyekaa ubavuni pangu, aliona kanga inatetemeka, akanifinya paja kwa kucha.

"Yuwalia," akamwambia shekhe. "Mtoto yuwaacha kwao, si jambo dogo."

"Nimekuwakilisha, baba," nikasema, na mwisho wa neno ukaniponyoka ukatoka kama sauti ya kuku aliyekanyagwa. Shekhe akasema mashallah, machozi ya bibi harusi ni baraka.

Shangazi huyo ni dada mkubwa wa babangu, na ndiye aliyekuwa somo wangu. Kwetu bibi harusi haachwi peke yake siku za fungate, zile za mwanzo wa ndoa. Huwa na mwanamke mzima wa kumfunda kabla na kumwangalia baada, na katika ukoo wetu kazi hiyo ilikuwa ya shangazi tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwenye sauti nzito na maneno machache, na sikuwahi kumwona akicheka akaonyesha meno.

Mume wangu nilimpata kwa sababu ya chura. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika duka la kutoa kopi na kuchapa karatasi, Likoni, karibu na kivuko. Yeye alikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya sekondari huko Changamwe, na siku hiyo alikuwa amevuka kuja kumtazama rafiki yake. Aliingia dukani na simu mkononi, akaniomba nimchapie picha kubwa ya rangi ya kubandika darasani. Nikaifungua kwenye kompyuta. Ilikuwa picha ya chura, peke yake juu ya jani, rangi ya chai ya maziwa, mwili umejaa vipele, mdomo umeinama pande zote mbili kama wa mzee aliyenyimwa kiti kwenye harusi. Nikaanza kucheka.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Huyu amekasirika."

"Hajakasirika. Ndivyo alivyoumbwa."

"Basi aliyempiga picha ndiye aliyemkasirisha."

"Mimi ndiye niliyempiga," akasema. Hapo nikalala juu ya printa kwa kicheko. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walinitazama, yeye pia alinitazama, na hakuondoka. Alingoja nikamaliza, kisha akanieleza, taratibu kabisa, kwamba chura huyo haishi popote duniani ila katika misitu ya vilima vya Taita, kule juu penye ukungu, na kwamba misitu yenyewe imebaki vipande vipande. Kila likizo alikuwa akipanda kwenda kuwasaidia watu wa utafiti kumtafuta. Alinieleza hayo kama mtu anayesifu mchumba. Juma lililofuata alirudi na picha nyingine, na lililofuata akarudi na nyingine. Mwenye duka akaniambia darasa gani hilo lisilojaa ukuta, kila siku kubandika vyura.

Tulipokaribia kuoana, kakangu alitutafutia chumba katika hoteli ya pwani huko Bamburi, mahali penye bwawa la kuogelea na vinywaji vyenye miavuli midogo. Mchumba wangu alinipigia simu. Nilijua ana neno kwa jinsi alivyonisalimia mara mbili.

"Hoteli ni nzuri," akasema. "Lakini mvua zimeanza kule vilimani. Huu ndio wakati wake."

"Wakati wa nani?"

Akanisalimia mara ya tatu.

"Unataka kunipeleka fungate kwa chura," nikasema.

"Kama hutaki, basi."

Nilitaka. Nilitaka mpaka nikakaa sakafuni. Kila msichana niliyesoma naye alikuwa na picha zake za fungate kwenye simu, kiti cha ufukweni na machweo nyuma, hata mtu hawezi kujua ipi ya nani. Mimi ningekuwa na chura.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Mamangu alishika kichwa. Babangu aliuliza kama kule juu kuna msikiti. Shangazi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akangoja wote wamalize kusema.

"Watakwenda," akasema. "Nami nitakwenda nao. Fungate ni fungate, iwe Bofu iwe kileleni mwa mlima. Bibi harusi haachwi na mwanamume porini."

"Shangazi, huyo mwanamume ni mume wangu."

"Atakuwa. Pori litabaki kuwa pori."

Niliogopa kumwambia mchumba wangu. Nilipomwambia akasema, "Mwambie aje na sweta."

Basi tukaondoka watatu. Bwana harusi alibeba tochi na darubini, bibi harusi hina ingali nyekundu mikononi, na somo alibeba kikapu cha mahamri, birika la kuchukulia udhu na mto wake wa kulalia. Tulipofika Voi joto lilikuwa kama la kwetu. Gari lilipoanza kupanda milima, kona baada ya kona, hewa ikabadilika. Shangazi alivaa sweta juu ya buibui, halafu koti la babangu juu ya sweta, halafu mtandio juu ya koti, mpaka akawa mviringo kabisa na mikono haishuki. Nikatazama dirishani. Mume wangu akanibonyeza kidole na kuninong'oneza, "Usianze." Tayari nilikuwa nimeanza.

Tulikaribishwa na mjomba wake mume wangu, mdogo wake mamake. Mjomba alifanya kazi bandarini Mombasa ujanani, akasilimu huko, akaoa huko, akafiwa na mke, na alipostaafu akarudi kwao vilimani. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, chini kidogo ya ukingo wa msitu, imezungukwa na kabeji kubwa kama masinia. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kufuma iliyofunika masikio. Alisimama mlangoni kutupokea na kumsalimia kila mtu kwa utaratibu wake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akamwambia shangazi.

Shangazi akamtazama kutoka kofia mpaka viatu. "Bwana weye, mimi na wewe nani mkubwa?"

"Sijui. Nimeona mto, nikasema huyu ni mkubwa."

Shangazi akampita mlangoni. Aliingia ndani, akauliza jiko liko wapi, na kabla hatujavua viatu tukamsikia akiuliza nani aliyetia tangawizi yote ile kwenye chai. Mjomba akasema ni yeye, na huku juu mtu asipotia tangawizi anaamka amekufa. Walibishana juu ya tangawizi mpaka adhana ya Magharibi. Kisha chai ikanywewa yote.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Sisi maharusi tukapewa kimoja na shangazi kingine, na mjomba akalala sebuleni karibu na meko. Ukuta kati yetu na shangazi ulikuwa ubao mmoja mwembamba. Kila nilipocheka, alikohoa upande wa pili. Mume wangu alijifunika blanketi mpaka kichwani, na blanketi likawa linaruka.

Kesho yake jioni tukaingia msituni. Mume wangu alikuwa na kibali cha watu wa misitu, tochi za kichwani kwa kila mmoja, na gambuti, zile buti ndefu za mpira, alizoazima kwa wenzake wa utafiti. Tulipofika ukingoni alisimama akatupa maelezo. Hapa nataka kuwa mkweli: sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika zile, na gambuti zake na tope mpaka magotini.

"Chura wetu hahitaji bwawa," alisema. "Hataki mto wala kidimbwi. Hutaga mayai chini, kwenye unyevu wa majani yaliyooza, na mayai yakianguliwa hawatoki viluwiluwi. Wanatoka vyura kamili, wadogo kabisa. Mama hukaa juu yao mpaka watoke. Mimi nimewaona vyura wenyewe mara nyingi, lakini mama na mayai yake sijapata kumwona."

"Yaani hukaa vivyo hivyo?" akauliza shangazi. "Kama kuku?"

"Kama kuku, shangazi."

"Na baba yuwapi?"

Mume wangu alifikiri. "Baba huwa hapo karibu, anaimba."

"Haya," shangazi akasema. "Najua wanaume wa namna hiyo."

"Mlio wake," mume wangu akaendelea, "ni kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Lakini akisikia vishindo hunyamaza, na wote hunyamaza. Kwa hiyo tunakwenda kimya. Kimya kabisa." Aliponiangalia mimi, macho yake yalikuwa ya kuomba.

Tukaingia. Msitu ulikuwa unadondoka maji bila mvua kunyesha, miti imevaa manyoya ya kijani mpaka juu, na ukungu unapita katikati kama mtu anayetafuta nyumba. Mjomba alitangulia na fimbo. Mume wangu akamfuata, kisha mimi, kisha shangazi. Na sikuwa nimefika mbali nilipoisikia sauti. Gambuti za shangazi zilikuwa kubwa kuliko miguu yake, na kila alipoinua hatua zilivuta hewa. Pwii. Akikanyaga, zikaitoa. Pwaa. Pwii, pwaa, pwii, pwaa, kwa heshima zote, mwanamke mzima na koti la ndugu yake, na uso wa mtu aliyekwenda kutoa mkono wa pole.

Niliuma mtandio. Niliuma kidole. Nikawaza habari za matanga, na kwangu matanga ndiyo mabaya zaidi. Mbele yetu mahali fulani, kitana kikapitishwa ukucha, polepole. Mume wangu akainua mkono tusimame. Tukasimama wote. Kimya kikaingia. Kisha shangazi, aliyekuwa amesimama mguu mmoja, akauteremsha wa pili taratibu sana, na gambuti ikatoa pwaa ndefu isiyokwisha.

Nilicheka mpaka nikapiga magoti kwenye tope. Msitu wote ukanyamaza, hata nyenje. Nilipoinua uso nikamwona mume wangu amegeukia mti, paji la uso limeegemea gome, mabega yanatikisika. Nikafikiri analia. Nikamshika, naye akageuka, na machozi yalikuwepo kweli, ila hakuwa analia.

"Tumemkosa," akasema alipopata pumzi.

"Mwanamke huyu," akasema shangazi, akininyooshea kidole, "nilimfunda mambo yote. Hili sikuwa na dawa yake."

Siku iliyofuata mvua ilinyesha kutwa na hatukutoka. Nilimwomba mume wangu msamaha na akasema hakuna cha kusamehewa, chura yupo na sisi tupo. Tulikaa sebuleni tukamenya viazi. Mjomba, ambaye tangu tufike alikuwa akiahidi kwamba chura anamjua yeye kama jirani, akasema ataonyesha jinsi ya kumwita. Alivua kofia, akafunga macho, akatoa mlio kooni.

"Huyo ni chura au ni pikipiki?" akauliza shangazi.

"Ni chura dume."

"Ndipo majike wakimbia."

"Jaribu wewe, Bi Mkubwa, kama ni rahisi."

Nilijua hatajaribu. Shangazi ni mtu aliyewahi kukataa kuimba kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe. Lakini alikuwa mahali ambapo hakuna mtu wa Bofu wa kumwona, mvua inapiga bati, na mwanamume mmoja mwenye masikio makubwa anamngoja. Aliweka kisu na kiazi chini, akajikohoza, akatoa mlio. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa kitana hasa, ukucha hasa. Mume wangu aliinuka kwenye kiti chake. Mjomba akajibu kwa ule wake wa pikipiki, shangazi akarudia, mjomba akajibu, na katikati ya mara ya tatu shangazi akakatika. Kwanza pua ikapiga kishindo, kisha mabega, kisha mdomo ukafunguka na meno yote nikayaona, pamoja na jino la dhahabu nyuma kabisa ambalo sikujua analo. Alicheka kama mimi. Kicheko kile kile, sauti ile ile, hata namna ya kupiga paja. Nilibaki namtazama. Miaka yote ile mamangu akitafuta nimerithi kwa nani, na mwenyewe alikuwa jikoni anachagua mchele.

"Yarabi nisitiri," akasema, akijifuta macho kwa pembe ya kanga. Kisha akamtazama mjomba na kuanza upya.

Siku ya mwisho tuliingia msituni mapema, alasiri, kungali kweupe, kwa sababu kesho yake tulikuwa tunateremka. Mume wangu hakuwa na matumaini mengi. Alisema mchana chura hujificha, lakini tunaweza kutazama chini ya magogo, pengine. Tulitembea polepole, tukapanda, tukatazama huku na huku, tukashika majani na kuyarudisha kama yalivyokuwa. Hatukuona kitu. Shangazi alichoka. Aliona gogo lililoanguka zamani, limeoza nusu, akaketi na kunyoosha mguu wake wa kulia ubavuni mwa gogo. Ncha ya gambuti ikaingia chini ya kipande cha gome kilichokuwa kimelegea, na gome likainuka kidogo, kama kifuniko cha sufuria.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele yake. Nikaona uso wake unabadilika.

"Shangazi," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Nakuomba usiinuke."

"Ni nyoka?"

"Si nyoka. Usisogeze mguu tu."

Alipiga magoti. Mimi nikapiga magoti kando yake, mjomba nyuma yetu. Chini ya gome lile, kwenye kitanda cha majani meusi, alikaa chura. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, kiasi cha ndimu changa, mwenye vipele vile vile vya kwenye picha, mdomo umeinama vile vile. Vidole vyake vilikuwa vimetandazwa, kila kimoja ncha yake pana kama kijiko cha kupimia dawa. Na chini yake, tulipoinamisha vichwa, mayai yalionekana, meupe ya maziwa, yamebanana kama shanga kwenye kiganja. Hakukimbia. Alitutazama kwa jicho la rangi ya shaba, na mimi nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu lakini sijapata kuambiwa wazi hivyo kwamba nimekuja wakati mbaya.

Kicheko kilinijaa mpaka kooni. Sikukitoa. Nilimshika mume wangu mkono, na nikagundua kwamba mtu anaweza kucheka bila sauti wala mdomo, mwilini tu, kama maji yanayochemka huku sufuria imefunikwa. Alipiga picha mbili bila mwanga. Kisha simu ikamponyoka ikaanguka mapajani mwake, akaiacha hapo.

"Niambieni basi na mimi," akanong'ona shangazi, aliyekuwa hawezi kuinama kwa ajili ya makoti. "Nimekalia nini?"

"Umemfungulia mlango, shangazi," mume wangu akasema. "Ni mama. Yuko na mayai yake."

Shangazi akakaza mguu usitikisike. "Mzima?"

"Mzima."

"Mwambieni samahani."

Tatizo lilikuwa mguu. Gome lilikuwa limeegemea gambuti, na akiivuta, gome lote lingeanguka juu ya chura na mayai. Mume wangu alijaribu kulishikilia kwa kijiti, lakini ukingo ulimomonyoka kama biskuti iliyolowa, akaacha upesi. Tukatazamana. Mjomba ndiye aliyesema, "Kiatu kibaki. Mtu atoke."

Basi mjomba akamshika shangazi mkono mmoja, mimi nikamshika wa pili, mume wangu akaikamata gambuti kwa mikono miwili isitikisike, na shangazi akaanza kuutoa mguu wake polepole. Gambuti, kwa kuwa ni gambuti, ikavuta hewa. Pwiii. Tulifunga macho sote. Chura hakujali. Mguu ukatoka na soksi ya bluu yenye tundu kwenye kidole gumba, na shangazi akabaki ananing'inia kati yetu kwa mguu mmoja, akisema maneno ambayo somo hapaswi kuyajua.

Mjomba akavua gambuti yake ya kulia, akapiga goti kwenye tope, akamvalisha. Ilimtosha kuliko ile ya kwanza. Yeye akateremka mlima akiwa na mguu mmoja peku, akirukaruka kwenye mawe, na shangazi nyuma yake akimwambia akanyage huku, asikanyage pale, mtu mzima hovyo atajiumiza. Tulipotoka msituni, kwenye mwanga, mume wangu alikaa katikati ya kabeji na kuanza kucheka. Nikakaa naye. Sasa tuliruhusiwa. Tulicheka mpaka mbwa wa jirani akaja kutazama.

Tulirudi Likoni, tukapanga nyumba ndogo, fungate ikaisha na maisha yakaanza. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini mjomba alikuwa ameahidi kuangalia gambuti tuliyoiacha msituni, na ahadi hiyo hakuitimiza kwa mume wangu. Aliitimiza kwa shangazi. Mamangu alinipigia simu.

"Shangazi yako yuwapigiwa simu kila baada ya Isha," akasema. "Atoka nje kuzungumza. Nimemuuliza ni nani, aniambia ni habari za kiatu."

"Ni kweli, mama. Ni kiatu."

"Kiatu gani chazungumzwa mpaka credo ya simu yaisha?"

Nilikwenda Bofu kumtazama. Nilimkuta uani, simu sikioni, mgongo ameugeuza. "Mvua imenyesha?" alikuwa akisema. "Na gome lingali limesimama? Alhamdulillahi. Na wewe kile kifua? Umekunywa tangawizi?" Aliponiona akakata simu na kuniuliza kwa nini natembea kimyakimya kama mwizi.

Jioni moja simu ilipolia mimi nilikuwepo, na shangazi akasahau kutoka nje. Aliita, "Njooni, njooni," akaweka sauti ya juu. Mjomba alikuwa anahema. Alikuwa ametoka kuteremka mbio. Mayai yalikuwa yamefunguka. Alisema walikuwa wadogo kama choroko, wana miguu yote, wana vidole, kila mmoja amenuna kama mama yake, wanapanda juu ya gambuti na kuteleza. Nilimpigia mume wangu, naye alikuwa shuleni Changamwe anasimamia masomo ya jioni. Aliniambia baadaye kwamba alitoka nje ya darasa, akazunguka uwanja mzima, akarudi, na wanafunzi wakamuuliza kama mke amejifungua.

Vyura wadogo walipotawanyika, mjomba aliileta gambuti mwenyewe. Angeweza kuwapa watu wa utafiti, maana ilikuwa yao. Badala yake aliiosha, akaitia kwenye mfuko, akavaa kanzu na koti, akaja mpaka Bofu na mzee mwenzake wa kumsemea. Babangu aliwakaribisha ukumbini. Walizungumza hali ya hewa, wakazungumza bandari ya zamani, na mzee mwenzake alipofika kwenye neno lenyewe, babangu akasema ni lazima amuulize dada yake. Akaniita mimi nikamuulize.

Shangazi alikuwa jikoni. Alikuwa amepaka wanja.

"Mwambie babako," akasema, "kule juu ni baridi sana, na yule bwana hajui kupika chai." Akakoroga sufuria iliyokuwa tupu. "Mwambie nimeridhia."

Sasa anaishi vilimani. Amepanda bamia zikakataa, amepanda mchicha ukakubali, na majirani huja kumwuliza namna ya kupika mahamri. Mume wangu angali anakwenda kila likizo, na picha ya mama na mayai yake wameipenda sana wenzake wa utafiti, ingawa pembeni inaonekana gambuti na wanamuuliza kila mara ni ya nani.

Likizo iliyopita nilikwenda naye, lakini sikupanda msituni, kwa kuwa nilikuwa na mimba ya miezi mingi na tope lilikuwa limezidi. Tulikaa barazani sote wanne, tumejifunika mablanketi, tunamenya kunde. Ukungu ulishuka mpaka kwenye kabeji. Kutoka ukingoni mwa msitu kukaja mlio mmoja, mwembamba, wa kukwaruza.

"Huyo," akasema shangazi.

"Huyo ni nyenje," mume wangu akasema.

"Mimi namjua."

"Shangazi, wallahi huyo ni nyenje."

Mjomba akasema ni chura, lakini si yule, ni mwingine. Walibishana mpaka kunde zikaisha, kisha wakabishana kama zitiwe nazi.